Frankfurt Kati ya Ndege Mbili

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuna ujumbe mmoja tu, ila una uzito. Dada yetu wa Tanga anakwenda Toronto mwezi wa tano. Ndege inatua Frankfurt saa kumi na mbili asubuhi, ya pili inaruka saa tisa alasiri. Anauliza, nikae uwanjani au nitoke nikaone mji?

MUSA: Atoke! Akakae kwenye kiti cha chuma kutwa nzima, kwa nini?

ZUHURA: Kaka Musa, umeanza.

MUSA: Subiri nikwambie. Stesheni ya treni iko chini ya Terminal 1 palepale. Treni ya S8 au S9, kama robo saa hivi yuko stesheni kuu. Tiketi akate kwenye mashine kabla ya kupanda. Kule hakuna geti, hakuna konda wa kukugongea sarafu begani, ndiyo maana watu wanajisahau. Mara mkaguzi kaibuka, kavaa kiraia. Faini yuro 60.

ZUHURA: Unaongea kama mtu aliyelipa.

MUSA: Tuendelee. Stesheni kuu asishuke. Mitaa ya pale mbele, Taunusstrasse na jirani zake, watu wanatumia unga mchana kweupe. Aende vituo viwili mbele, Hauptwache. Hapo anatembea kwa miguu mpaka Kleinmarkthalle, soko la ndani, saa mbili asubuhi limefunguliwa. Mwezi wa tano atakuta majani ya Grüne Soße, aina saba, yamefungwa pamoja kwenye karatasi nyeupe kama mafungu ya mchicha. Wanayakatakata, wanachanganya na maziwa mgando, mchuzi unakuwa baridi, kijani kibichi, una ukakasi kidogo. Unaliwa na viazi na mayai ya kuchemsha.

ZUHURA: Na zile soseji?

MUSA: Frankfurter ya kwao ni nguruwe. Mayai na viazi yanamtosha. Akishiba anateremka Römerberg, uwanja wa mji wa kale, kwenye nyumba za fremu za mbao. Utadhani za kale, kumbe mabomu ya Machi 1944 yaliteketeza mji wa kale karibu wote. Zile za mashariki mwa uwanja zilijengwa upya miaka ya 1980, na vichochoro vya nyuma, kuelekea Dom, kanisa kubwa walikotawazwa makaisari kumi, vilikamilika 2018. Mimi sijali kama ni mpya. Halafu daraja la chuma la waenda kwa miguu, Eiserner Steg. Asimame katikati, ageukie magharibi, maghorofa ya mabenki yote yamejipanga mbele yake. Picha hiyo hailipiwi.

ZUHURA: Umemaliza? Sasa nami niulize. Viza anayo?

MUSA: Ya Kanada si anayo?

ZUHURA: Ya Kanada haimfungulii mlango wa Ujerumani. Kwa pasipoti ya Tanzania, kutoka uwanjani kunataka viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya. Jamaa zetu wa Kongo ya Kinshasa ndio zaidi, kwa kawaida hata kukaa ndani kusubiri ndege wanadaiwa viza ya kupita. Na mtu asitoe yuro 90 za maombi kwa matembezi ya asubuhi moja.

MUSA: Basi akae.

ZUHURA: Huyu anayo. Wakati wa kurudi anapitia Amsterdam kwa mdogo wake, wiki mbili. Nikamwomba atazame stika, pale penye idadi ya kuingia. Huwa pameandikwa 01, 02 au MULT.

MUSA: Yake?

ZUHURA: 01.

MUSA: Lahaula!

ZUHURA: Umeona? Angetoka asubuhi ile kula viazi vyako, mara yake moja imekwisha. Toronto angefika salama, ila wakati wa kurudi asingeingia Ulaya. Mdogo mtu amepika pilau, mgeni haonekani.

MUSA: Kwa hiyo Frankfurt ndiyo basi?

ZUHURA: Wala. Kurudi kwake ni Toronto, Frankfurt, kisha Amsterdam. Ukaguzi wa kuingia Schengen unafanyika Frankfurt hapohapo, atake asitake. Anatua asubuhi, ya Amsterdam inaondoka jioni. Muhimu tarehe za viza zianze kabla ya siku hiyo na zifunike wiki mbili zote.

MUSA: Safi sana! Matembezi yangu yote yahamie huko. Siku gani?

ZUHURA: Jumapili.

MUSA: Aa, dada! Jumapili soko limefungwa, maduka ya mjini yamefungwa. Mimi nilizunguka mtaa wa Zeil natafuta viatu vya mama, nikaishia kujitazama kwenye vioo vya madirisha.

ZUHURA: Daraja nalo linafungwa?

MUSA: Hapana. Avuke moja kwa moja ng'ambo, Sachsenhausen. Mchana migahawa inafungua, na mchuzi wa majani saba upo. Watamletea gudulia la kijivu lenye michoro ya buluu, wanaliita Bembel. Hiyo ni pombe ya matofaa. Aombe juisi.

ZUHURA: Na viatu vya mama?

MUSA: Nilinunua Kariakoo.