Elena ni Mkenya: mhadhara kuhusu wanawake kwenye rosta za gemu (orodha za karakta wa kuchagua), Kisumu

Asanteni, kaeni, wale mmesimama huko nyuma kuna viti hapa mbele. Kina mama karibuni sana. Na wenye pleisteshen wa Kondele na Nyalenda nimewaona, nimefurahi mmekuja, sababu nyinyi mnaona kila siku nani anachagua karakta gani na kwa nini, hiyo elimu sisi wengine tunaitafuta kwa shida.

Naanza na swali. Street Fighter, ile gemu ya kupigana, iko na karakta mmoja wa kutoka Kenya, nani anamjua? Ndiyo, huyo kijana amesema, Elena. Aliingia 1997 kwa Street Fighter III, msichana mrefu sana, nywele nyeupe, anapigana na miguu peke yake, ngumi hapigi. Akarudi 2014 kwa Ultra Street Fighter IV, na 2025 amerudi tena kwa Street Fighter 6. Mimi kazi yangu ni animesheni na nawaambia ukweli, yule Elena wa kwanza ni wa kusomewa darasani, kila fremu, yaani kila picha ya mwendo wake, ilichorwa, hata akisimama tu mwili mzima unayumba na pumzi unaiona. Nampenda kabisa. Kwa hivyo Mkenya anayejulikana zaidi kwenye gemu za kupigana, dunia nzima, ni mwanamke, na wengi wetu hapa hatukuwa tunajua.

Lakini mwangalieni vizuri. Anapigana kapoera, na kapoera ni ya Brazil, ilizaliwa na Waafrika waliopelekwa huko utumwani, haina uhusiano na mtu wa hapa. Ni binti wa mtawala. Sasa sisi watu wa upande huu ufalme tunaoujua ni wa Wanga, kule Mumias, wa Nabongo Mumia, na Elena si wa Wanga, si wa mahali popote, hana kabila, hana mji, hana soko anaenda, yuko tu Kenya na nyuma yake ni mbuga. Na nguo waliyomvalisha ni vipande viwili vya kitambaa cheupe na mikanda ya rangi shingoni, mikononi na miguuni. Yaani mtu alikaa mbali sana, akawaza Kenya, akapata nyasi, wanyama na msichana asiye na nguo nyingi.

Mimi siwaambii mumchukie. Nataka tuone ilikujaje, sababu Elena hakuanguka kutoka mbinguni, ana dada waliomtangulia.

Twende 1991. Capcom, kampuni ya Japani yenye hiyo gemu, wanatoa Street Fighter II, wapiganaji wa kuchagua ni 8: Ryu, Ken, Guile, Honda, Zangief, Dhalsim, Blanka na Chun-Li. Mwanamke ni 1, Chun-Li. Watu wakiongea hii mada wanaishia hapo kwa hesabu, na hesabu ni muhimu, 1 kwa 8 ni mbaya, lakini mimi naomba muangalie wale 7 wengine. Honda ni mnene, mtu wa sumo. Zangief ni jitu lenye nywele kifuani na makovu mwili mzima. Dhalsim amekonda mpaka mbavu unazihesabu na mikono yake inarefuka inafika upande wa pili wa skrini. Blanka ni kijani na anatoa umeme. Mwanaume ameruhusiwa kuwa mnene, kukonda, kutisha, kuwa nusu mnyama, na bado kuna mtoto mahali atamchagua na kumpenda. Mwanamke ni mmoja na huyo mmoja hana nafasi ya kuwa hivyo vitu vyote, lazima awe kijana, awe mrembo, awe mwepesi. Na Chun-Li ana hadithi nzuri, ni polisi wa Interpol anamwinda mtu aliyemuua baba yake, si karakta mbaya hata kidogo. Shida ni kwamba yuko peke yake na amebebeshwa wanawake wote.

Mwaka uliofuata, 1992, ikatoka gemu nyingine ya kupigana, Mortal Kombat. Wapiganaji 7, mwanamke 1, Sonya. Halafu 1993 inatoka Mortal Kombat II, wapiganaji 12, na Sonya hayumo! Unajua yuko wapi? Amefungwa minyororo kwa nyuma, kwa uwanja wa Shao Kahn, yule bosi wa mwisho, yeye na Kano, mwenzake wa gemu ya kwanza, wewe unapigana, yeye anakuangalia akiwa amefungwa. Waliongezwa wanawake 2, Kitana na Mileena, na wote wawili ni mwigizaji mmoja, amebadilishwa rangi ya nguo, mmoja buluu mwingine zambarau. Tuseme ukweli wote, hata Scorpion na Sub-Zero walifanywa hivyo hivyo, mtu mmoja rangi mbili, sababu memori ya mashine za wakati ule ilikuwa ndogo na kila karakta mpya ilikuwa gharama. Hiyo naielewa kama fundi. Lakini wanaume walibaki na sura zingine nyingi, kina Raiden, kina Baraka mwenye meno na visu mikononi, kina Jax. Kwa wanawake mwili ulikuwa mmoja na rangi mbili, basi.

Sasa memori imeongezeka. Kisingizio kikabaki. 2014 kampuni ya Ubisoft wanatoa Assassin's Creed Unity, gemu ya wauaji wa siri, iko Paris wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, mnacheza watu wanne pamoja na wote wanne ni wanaume. Wakaulizwa, wakasema mwanamke angehitaji animesheni mpya, zaidi ya 8,000, na sauti, na nguo, kazi ingekuwa mara mbili. Jonathan Cooper, animeta aliyekuwa amefanya kazi huko kwa gemu hizo hizo, akasema hiyo ni kazi ya siku moja ama mbili. Siku moja ama mbili! Mimi nikisikia hiyo hesabu naielewa kabisa, sababu mifupa ya karakta ukishaitengeneza unaweza kuhamisha mwendo mwingi kutoka kwa mwili mmoja hadi mwingine kisha unarekebisha mabega, nyonga, hatua. Si kazi rahisi lakini pia si mlima. Na kinachonikera zaidi ni historia yenyewe, kwa mapinduzi hayo hayo mtu maarufu kwa kuua kwa kisu ni mwanamke, Charlotte Corday, 1793 alimuua Marat, mmoja wa viongozi wa mapinduzi, Marat akiwa ndani ya beseni la kuoga. Walitafuta muuaji Paris ya wakati ule wakamruka huyo.

(Hapo kijana mmoja aliuliza: lakini madam, wasichana hawachezi, kwa nini kampuni itumie pesa kwa watu hawapo?)

Swali zuri na nashukuru umeuliza mbele ya watu badala ya kunong'oneza. Kwanza wasichana wanacheza, wanacheza kwa simu, nyumbani, usiku, na bando yao wenyewe, wewe huwaoni kwa sababu mahali pale mnachezea si mahali mama yeyote anaruhusu binti wake akae mpaka saa mbili usiku, tuseme hivyo bila kuoneana haya. Pili Kenya iko na Sylvia Gathoni, mnamjua kama QueenArrow, Tekken, gemu nyingine ya kupigana, amecheza mpaka akasajiliwa na timu ya nje, na sheria amesoma pia. Tatu, nikuulize wewe, Chun-Li unamchagua? Umecheka, kwa hivyo unamchagua. Na Nina kwa Tekken 3? Hapa ndani nina hakika zaidi ya nusu ya wavulana wamewahi kushinda mtu na Nina ama na Xiaoyu. Mwanaume akimchagua mwanamke hapotezi kitu. Karakta wa kike si wa wasichana peke yao, ni wa kila mtu anashika pedi.

Twende mpira, najua wengi mmekuja kwa sababu ya mpira. FIFA 16, iliyotoka 2015, ndiyo ya kwanza kuwa na wanawake, timu 12 za taifa. Afrika hakuna hata moja. Na Nigeria imecheza kila Kombe la Dunia la wanawake tangu lile la kwanza la 1991, na mwaka huo huo wa 2015 Nigeria, Cameroon na Ivory Coast zote zilikuwa Kanada kwa Kombe la Dunia. Kwa hivyo mlango ulifunguliwa lakini si kwa wote.

Halafu 2023 FC 24, ndiyo ile FIFA imebadilishwa jina, ikachanganya wanaume na wanawake kwa Ultimate Team, pale unajipangia timu yako mwenyewe, na kelele ikaanza, nimeisikia hapa mjini kwa masikio yangu, ati mwanamke hawezi kumpita beki wa kiume, ati wameharibu gemu. Lakini kwa hiyo timu hiyo hiyo unaweka Pelé, marehemu Pelé, anampasia Mbappé, na hakuna mtu anasimama kusema hii si ya kweli. Hapo mpira ni ndoto na kila mtu anajua ni ndoto. Ndoto inakubali mzee aliyecheza kabla baba zenu wazaliwe, basi imkubali Oshoala pia, yule mshambuliaji wa kike wa Nigeria.

Na sasa kwetu. 2021 Vihiga Queens walishinda kanda ya CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati, wakaenda Misri kwa Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika ya kwanza kabisa kuchezwa. Timu ya kutoka Vihiga! 2024 Junior Starlets wakafika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, wakati huo wavulana walikuwa hawajafika kwa umri wowote. Msichana wa Mbale, hapo Vihiga, akiwasha FC leo atapata ligi za Uingereza, Uhispania, Marekani, timu yake hatapata. Najua mtaniambia hata klabu zetu kubwa za wanaume, Gor na Ingwe, hawapo, ni kweli, hapo tumeachwa wote. Lakini mvulana angalau ana jezi ya Arsenal tangu akiwa mdogo, amezoea kujiona ndani ya wale. Binti anaanza kutoka mbali zaidi.

Turudi kwa miili, sababu hapo ndipo moyo wangu uko. Street Fighter 6 ilianza 2023 na wapiganaji 18, wanawake 7, na ndani ya hao kuna Marisa, Muitaliano, mkubwa, mabega mapana kuliko wanaume wengi wa hiyo gemu, anapiga ngumi nzito kama mtu anatwanga. Nilimwona nikafurahi mpaka nikapiga simu kwa rafiki yangu. Ilichukua zaidi ya miaka 30 tangu Chun-Li mpaka mwanamke aruhusiwe kuwa na ukubwa kwa hiyo gemu hivyo. Na bado mzee hakuna, yaani mwanamke mwenye mvi za umri na magoti yanauma, na wanaume wazee wanapigana kwa gemu tangu zamani.

Sasa fikirieni Conjestina Achieng, wa hapo Siaya, bondia aliyeshika mkanda wa kimataifa, mashabiki walimwita Hands of Stone. Mabega yake, vile alikuwa anasimama kwa ulingo, uso wa mtu amekuja kazini. Mkenya mpiganaji mwanamke alikuwepo na ni wetu, na dunia bado inamjua Elena.

Kwa hivyo kazi ni ya nani? Nawaambia kina Capcom watatengeneza wanachokijua, na mimi sitakaa nikiwangoja. 2007 Mkenya anaitwa Wesley Kirinya alitoa gemu ya kompyuta ya 3D, The Adventures of Nyangi, na Nyangi ni mwanamke anayetafuta vitu vya kale vya Afrika. Mmeona? Mmoja wetu alipoanza, alianza na mwanamke, na hakuona ni gharama.

Lakini hata sisi tuko na yetu. Kila darasa napata kundi linataka kutengeneza gemu ya Lwanda Magere, yule shujaa wa hadithi za Waluo, na sawa, ni hadithi kubwa, mwili wa jiwe, nguvu iko kwa kivuli, mnaijua. Nikiuliza wanawake wako wapi naambiwa yuko yule mke, yule wa Lang'o, kabila la adui zake, msaliti, anaonekana kidogo kwa video katikati ya levo. Hana hata jina. Jamani, huyo mwanamke aliingia peke yake kwa nyumba ya adui ambaye jeshi zima lilimshindwa, akala naye, akamuuguza, akagundua siri ya kivuli, akatoroka usiku akarudi kwao salama. Kwa watu wake huyo ni shujaa. Hiyo ni gemu ya upelelezi imekamilika, kujificha, kusikiliza, kuchagua nani umwamini, hofu kila usiku, na sisi tumempa sekunde chache. Mimi ningemfanya ndiye unayemshika kwa pedi, na Lwanda Magere ndiye bosi wa mwisho.

Sasa kazi ya leo. Mko makundi, kila kundi lina karatasi na kompyuta moja. Chora karakta 3 wa kike wa gemu ya kupigana, kutoka mahali unapajua, Kibuye, Dunga, Luanda, Kakamega, Nakuru, popote. Wote 3 wakisimama weusi tii, kivuli tu, bila sura na bila nguo, nataka niweze kuwatofautisha nikiwa hapa mbele. Mmoja lazima awe amepita miaka 50. Na kila mmoja andika anapigana na nini na amejifunza wapi, kama ni kubeba samaki kutoka ziwani tangu akiwa mtoto andika hivyo, mikono yake itakuwa na nguvu gani, miguu itasimamaje. Wavulana na wasichana mchanganyike, sitaki kundi la wavulana peke yao. Tunaanza kuangalia saa kumi kamili, na wenye pleisteshen nyinyi ndio majaji.