Mrija wa nyongo umeziba: tunachokitafuta kwenye MRI

Ndugu wataalamu, tuanze na mgonjwa mwenye macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi na choo cheupe. Altrasaundi imeonyesha mirija ndani ya ini imetanuka, ila ncha ya chini ya mrija mkuu imefichwa na gesi ya utumbo. Hapo tunaomba MRCP, yaani picha ya MRI ya mirija ya nyongo na ya kongosho, itujibu mawili: pameziba wapi, na nini kimeziba.

Kipimo hiki hukifanya kimiminika kilichotulia king'ae, nyama na mafuta vififie. Nyongo yenyewe inatosha, hatuchomi sindano ya dawa. Mgonjwa asile kwa saa 4 hadi 6. Maji yakibaki tumboni nayo hung'aa na kuufunika mrija, kwa hiyo vituo vingi humpa mgonjwa juisi ya nanasi kabla ya kulala mezani, kwa kuwa manganizi iliyomo huzima mng'ao huo. Nanasi lenyewe, jamani, si sharubati ya rangi na sukari.

Tunapiga picha nene, yaani mirija yote katika kipande kimoja kinene, ya sekunde chache, pumzi ikiwa imebanwa, kisha ya pande tatu yenye vipande vya milimita 1 hivi, inayofuata upumuaji kwa dakika kadhaa. Mgonjwa akihema ovyo, kingo za mirija huvurugika na tunarudia.

Mrija mkuu wa kawaida hauzidi milimita 6 au 7. Aliyetolewa kifuko cha nyongo anaweza kufika 10 bila kizuizi chochote. Jiwe ni doa jeusi lililozungukwa na nyongo nyeupe. Mrija ukikatika ghafla, na wa kongosho nao umetanuka, shuku uvimbe wa kichwa cha kongosho.

Wengi hukwama kwenye ile picha nzuri iliyounganishwa kutoka vipande vyembamba, ambayo madaktari huipenda. Kompyuta huchagua nukta inayong'aa zaidi katika kila mstari, hivyo jiwe dogo humezwa na nyongo iliyo mbele na nyuma yake. Rudi kwenye vipande vyembamba, kimoja kimoja. Hewa nayo huiga jiwe, lakini kwenye picha ya kukata mwili mkingamo huelea juu, upande wa tumbo, wakati jiwe huzama. Mshipa wa ateri ya kulia ya ini huukandamiza mrija na kuleta mbano wa uongo.

Kizuizi kikiwa kwenye makutano ya mirija, andika wazi kama mrija wa kulia na wa kushoto bado inawasiliana. Atakayeweka bomba la kupitisha nyongo anachagua upande kwa jibu hilo. Akiingiza dawa ya rangi upande ambao hatauzibua, anaweza kuacha maambukizi ndani ya ini.