Mwandishi wa katuni asiyejua kuchora: mazungumzo kutoka Kigoma

DADA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Tunarekodi kipindi hiki Mwanga, mjini Kigoma, na leo tunazungumzia maisha ya mtu anayetamani kuandika vitabu vya katuni kwa kujitegemea, bila kampuni ya uchapishaji nyuma yake na bila yeye mwenyewe kujua kuchora. Mwalimu, wewe huletewa skripti, yaani maandishi ya kumwongoza mchoraji, za vijana wengi wa hapa na wa Tabora. Wengi wao hukwama wapi?

MWALIMU: Ahsante, dada yangu. Wengi hukwama kwa sababu wameanza na jambo kubwa mno. Kijana huja na hadithi ya Mtemi Mirambo ya juzuu kumi, ana ramani za vita, ana majina ya wahusika wote na hata jalada alilochorewa na rafiki yake, lakini hana ukurasa mmoja uliokamilika. Mimi humwomba aziweke juzuu hizo kabatini kwa muda, aniletee hadithi ya kurasa nane.

DADA: Kwa nini ziwe nane, wala si kumi?

MWALIMU: Kwa sababu karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, na kijitabu kinachobanwa pini mgongoni hakina budi kwenda kwa nne: nane, kumi na mbili, kumi na sita. Ukiandika kurasa kumi utalipia mbili za ziada ambazo huna cha kuweka. Aidha, mchoraji hulipwa kwa ukurasa, na mtu anayeishi kwa mshahara wa ualimu au faida ya kibanda cha vocha anaweza kudunduliza malipo ya kurasa nane, ilhali juzuu kumi atakuwa anaziota tu.

DADA: Wapo wanaodhani kwamba kazi ya mwandishi ni kujaza maneno ndani ya maputo, yale ya mazungumzo ya wahusika, baada ya mchoraji kumaliza kazi yake.

MWALIMU: Dhana hiyo ndiyo inayoharibu skripti nyingi. Skripti ya katuni haiandikiwi msomaji, huandikiwa mtu mmoja tu, naye ni mchoraji, ambaye pengine yuko Dar es Salaam na hajawahi kuliona Ziwa Tanganyika. Ukimwandikia kwamba wavuvi wanavua dagaa, atakuchorea ngalawa yenye tanga, mchana kweupe, kama alivyozoea kuona Pwani, na hutakuwa na haki ya kumlaumu. Mwandikie kwamba ni usiku, kwamba taa zimewashwa juu ya maji ili kuwavuta dagaa, na kwamba wavu umeshushwa chini ya mwanga huo ukingoja kuinuliwa. Mwandikie pia kwamba hakuna mwezi, kwa maana usiku wa mbalamwezi taa hupoteza nguvu ya kuvuta dagaa na wavuvi wengi hupumzika.

DADA: Hilo la mwezi linabadilisha ukurasa wote.

MWALIMU: Linaubadilisha kabisa. Anga linakuwa jeusi tii, na mwanga wote unatoka chini, unapiga kidevu na matundu ya pua, hata uso wa mvuvi mpole unatisha. Mchoraji hawezi kulibuni jambo hilo peke yake, ila ukimpa sentensi mbili atajua nini la kufanya na wino wake.

DADA: Nami ningeongeza kwamba skripti iambatane na picha za simu. Nenda ufukweni Kibirizi, piga picha ya mtumbwi kwa mbele, kwa nyuma na kwa ndani, upige na mkono wa mtu ulioshika kamba, kisha umtumie mchoraji zote. Gharama yake ni bando tu, na humwokoa mchoraji na saa nyingi za kubahatisha. Sasa tuuandike ukurasa mmoja hapa hapa, wasikilizaji wasikie. Nachagua MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, maana sijakutana na mwandishi wa Kigoma asiye na hadithi ya meli hiyo.

MWALIMU: Umechagua mtego wenyewe. Historia yake inafahamika: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa mpaka hapa Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwandishi anayeanza huyapanga yote hayo katika maelezo marefu juu ya visanduku, yaani fremu za picha, na mchoraji hubaki kuchora meli ileile mara kumi. Mimi ningechukua jambo moja tu: kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito ili isiliwe na kutu.

DADA: Yaani wanaizamisha huku wanaitunza.

MWALIMU: Naam, na hapo pana hadithi bila neno hata moja la maelezo. Ukurasa wa tano, visanduku vinne. Cha kwanza: mkono unachota grisi ndani ya ndoo, na kucha zake zimejaa weusi. Cha pili: mkono uleule unapaka mtambo taratibu, kama mzazi anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Cha tatu: msaidizi kijana yuko mlangoni, anauliza, «Kwa nini tunaipaka, nayo inazama leo?» Cha nne: fundi hajibu, anapangusa vidole kwa kitambaa. Msomaji akigeuza, ukurasa wa sita wote ni picha moja ya meli ikienda chini.

DADA: Umeiweka picha kubwa kwenye ukurasa wa sita kwa makusudi.

MWALIMU: Kwa makusudi kabisa. Ukurasa wa tano uko kulia, na wa sita hauonekani mpaka karatasi igeuzwe. Ningeuweka mzamo huo kwenye ukurasa wa tano, jicho la msomaji lingeuona tangu akiwa wa nne. Angalia pia kwamba kila kisanduku kina tendo moja. Ukiandika kwamba fundi anachota grisi, anapaka, kisha anageuka kumtazama kijana, umeagiza picha tatu ndani ya kisanduku kimoja, na mchoraji atachagua mojawapo bila kukuuliza.

DADA: Lakini Mwalimu, siku hizi wengi wanasoma kwenye simu, na kwenye simu hakuna kugeuza karatasi. Mtu anateremsha tu kwa kidole gumba.

MWALIMU: Ni kweli, na ndiyo maana uamuzi huo hutangulia skripti. Wakorea Kusini wamekuza katuni za kuteremka namna hiyo kwa ajili ya skrini, na kwao nafasi tupu kati ya picha na picha ndiyo inayofanya kazi ya kugeuza ukurasa. Jambo lisilofaa ni kuandika kwa ajili ya karatasi, kisha kuukata ukurasa vipande na kuusukuma kwenye simu. Maputo nayo huumia: maneno yetu ni marefu, neno kama «hatukukubaliana» humaliza mstari mzima, na kwenye skrini ndogo herufi zinakuwa kama sisimizi. Mimi hukata mazungumzo nusu, halafu nikayasoma kwa sauti na kukata tena.

DADA: Tuje kwenye makubaliano, maana hapo ndipo urafiki mwingi huvunjika. Nani mwenye mali?

MWALIMU: Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda kazi tangu inapotungwa, na ulinzi huo huendelea kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, kunasaidia ushahidi, lakini sicho kinachozaa haki. Penye watu wawili, andikeni kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa: malipo ni ya ukurasa au ni mgawo wa mauzo, wahusika ni wa nani, na mchoraji akiacha njiani, mwingine anaruhusiwa kuendelea kwa sura zilezile au la. Ukurasa mmoja wenye sahihi mbili unatosha. Anayesema kwamba baina ya marafiki hakuna haja ya karatasi, huyo mimi humwogopa.

DADA: Na kuuza? Zamani majarida kama Sani yalipatikana kwenye vibanda vya magazeti, na watu waliyasubiri. Leo ukimtumia mteja mmoja faili la PDF, jioni liko kwenye kundi la WhatsApp la mtaa mzima.

MWALIMU: Kwa hiyo mimi nauza karatasi tu. Chapa nakala chache nyeusi na nyeupe, maana rangi hupandisha gharama mno, omba ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, Bodi ya Huduma za Maktaba, kisha peleka mashuleni na stesheni ya reli, ambako abiria ana saa nyingi na hana la kusoma.

DADA: Hapo tunatofautiana. Mimi toleo la kwanza ningeligawa bure kwenye simu, livuje mpaka Kasulu na Kibondo, halafu la pili niliuze kwa watu wanaotaka kujua yaliyompata yule msaidizi.

MWALIMU: Na mchoraji wa toleo la kwanza utamlipa nini, dada yangu?

DADA: Nitamlipa kwa mshahara wangu, kama nilivyomlipa aliyenichorea kijitabu changu cha kurasa nane.