Polima, lipu na chumvi ya bahari

Ndugu zangu mafundi, wahandisi na wanafunzi, tuanze na ukuta wenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi. Maji yakiingia kwenye vinyweleo vya lipu kisha jua likayakausha, chumvi hubaki ndani na kuwa fuwele. Fuwele hukua na kusukuma, kila mara ukuta unapolowa na kukauka, mpaka lipu imung'unyuke. Kwenye zege, kloridi, yaani sehemu ya chumvi inayochochea kutu, ikifika kwenye nondo kutu huanza, nayo kutu huvimba na kulipasua.

Polima, yaani vitu vya jamii ya mpira na plastiki vinavyochanganywa na saruji, hufanya kazi ndani ya vinyweleo hivyo. Hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya kuchanganya utomvu wa mpira na saruji ilitolewa tangu 1923, kwa jina la Cresson. Siku hizi tunatumia zaidi mpira wa kutengenezwa, ule unaoandikwa SBR kwenye dumu, au akriliki. Maji yanapopungua, chembe zake huungana kuwa utando mwembamba unaoziba njia. Maji huingia kidogo, kloridi hupenya polepole.

Kipimo cha kawaida ni asilimia 5 hadi 20 ya uzito wa saruji, polima ikihesabiwa kavu. Tuchukue 10: mfuko wa kilo 50 unataka kilo 5. Dumu likiwa nusu polima nusu maji, utatia kilo 10, na zile kilo 5 za maji uzipunguze kwenye maji ya kuchanganyia. Usipopunguza, umeongeza vinyweleo kwa mkono wako. Kisha usiimwagilie lipu hiyo wiki nzima kama ulivyozoea. Ipe unyevu siku za mwanzo tu, halafu iache ikauke ili utando ushikane. Na gundi nyeupe ya mbao, tafadhali, isiguse ukuta wa nje. Ikilowa tena hulainika.

Lakini haya yote ni kwa chumvi inayotoka nje. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chumvi nyingi imo humo tayari, nyingine ikipanda na unyevu wa ardhini. Ukizipiga lipu ya saruji yenye polima, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hugandia nyuma, na lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Naumia sana kuona jiwe la miaka mingi likimalizwa hivyo. Huko pigeni lipu ya chokaa. Na popote mnapokuta unga mweupe wa chumvi ukutani, dumu lisifunguliwe kabla hamjajua unyevu unatoka wapi.