Kupunguza, kusimamisha, kurudisha

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyote mliofika jioni hii. Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo.

Swali nililopewa ni fupi: je, binadamu anaweza kuyarudisha nyuma mabadiliko ya tabianchi, au angalau kuyapunguza kasi? Nilipolisoma niliona ni maswali matatu yaliyofungwa kwenye kitambaa kimoja. Kuna kupunguza, kuna kusimamisha, na kuna kurudisha. Mmoja anasema inawezekana, mwingine anasema haiwezekani, wanakesha wakibishana, na kumbe kila mmoja anajibu swali lake.

Nianze na mchoro huu ukutani. Ni vipimo vya hewa vilivyoanza kuchukuliwa mwaka 1958 na mwanasayansi Charles David Keeling juu ya mlima Mauna Loa, kule Hawaii. Alichagua mlima ulio katikati ya bahari kuu ili hewa anayoipima isiwe na moshi wa mji wowote. Mwaka ule, katika kila chembe milioni moja za hewa, kama 315 zilikuwa za hewa ukaa, ile gesi inayotoka tukichoma makaa na mafuta na kukamata joto angani. Kabla ya enzi ya viwanda zilikuwa kama 280. Hilo tunalijua kwa viputo vya hewa ya kale vilivyonaswa ndani ya barafu. Leo zimepita 420.

Mliokaa nyuma sogeeni kidogo, maana hili halionekani kwa mbali. Mstari huu una meno, kama msumeno. Kila mwaka unafika kileleni mwezi Mei, unashuka hadi Septemba hivi, kisha unapanda tena. Sababu yake ni misitu. Sehemu kubwa ya nchi kavu iko nusu ya kaskazini ya dunia. Msimu wa joto ukiingia huko, miti huvaa majani, na majani yale huivuta hewa ukaa. Yakipukutika na kuoza, inarudi angani. Kila jino mnaloliona ni pumzi ya misitu ya mwaka mmoja. Nimeutazama mchoro huu kwa miaka mingi na bado hunigusa: dunia inavuta pumzi na kuitoa, nasi tunaiona.

Lakini angalieni pia kwamba kila jino linaanzia juu kidogo ya lililotangulia. Misitu inavuta kama chembe 6 katika milioni, kisha inarudisha karibu zote. Ndiyo maana mtu akiniambia tupande miti tu na mambo yataisha, namleta mbele ya msumeno huu. Mti ni ghala. Unatunza maadamu umesimama. Ukiungua, ghala limefunguliwa. Tupande, na zaidi ya kupanda tuilinde misitu iliyopo. Ila makaa ya mawe yaliyolala ardhini mamilioni ya miaka hayalipiwi na mti wa miaka 30.

Kuhusu kupunguza kasi sitakawia, maana mifano iko wazi. Kituo cha kwanza cha kuuzia umma umeme wa makaa ya mawe Uingereza kilifunguliwa London mwaka 1882. Mwaka 2012 makaa bado yalizalisha karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi ile. Tarehe 30 Septemba 2024 kituo cha mwisho kilizimwa. Kutoka asilimia 40 hadi sifuri kwa miaka 12! Bei ya paneli za sola nayo ilishuka kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020. Hayo ni ya kweli, na ni ya kweli pia kwamba hewa ukaa inayotokana na kuchoma makaa, mafuta na gesi duniani kote ilivunja rekodi tena mwaka 2024. Tumeanza kukanyaga breki huku mguu mwingine ukiwa bado kwenye mafuta.

Sasa kusimamisha. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nina jambo la kusahihisha, nalo ni langu mwenyewe.

Kwa miaka mingi niliwaambia wanafunzi wangu kwamba hata tukiacha leo kuchoma kila kitu, joto litaendelea kupanda kwa miongo kadhaa. Niliwafundisha vibaya. Inaniuma, kwa sababu najua baadhi yao walitoka darasani wamekata tamaa kwa neno langu.

Nimekuja na ndoo hii. Nimeitoboa tundu dogo chini. Jagi hili ni sisi tunaomwaga hewa ukaa angani. Tundu ni bahari na mimea, ambavyo kwa pamoja hufyonza karibu nusu ya tunachotoa. Namimina. Maji yanapanda, kwa sababu yanaingia mengi kuliko yanayovuja. Napunguza kidogo: bado yanapanda, ila polepole. Huko ndiko kupunguza kasi, na mwisho wake ndoo itafurika vilevile. Sasa naacha kabisa kumimina. Tazameni. Maji hayabaki palepale, yanaanza kushuka, tone kwa tone.

Hesabu niliyokuwa nikiifundisha ilisahau tundu. Ilichukulia kwamba tukiacha, hewa ukaa angani itabaki kiasi kilekile. Ni kweli kwamba bahari kuu inachelewa kupata moto, na kuchelewa kwake kunaendelea kusukuma joto juu. Lakini wakati huohuo bahari hiyohiyo na mimea vinaendelea kufyonza, na hilo linavuta joto chini. Nguvu mbili hizi zinakaribia kulingana. Ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, imelieleza hili: utoaji wa hewa ukaa ukifika sifuri halisi, yaani tusiongeze angani zaidi ya tunachokiondoa, ongezeko la joto linalotokana nayo linakaribia kukoma. Kwa maneno mengine, joto litakalokuwapo siku tutakayoacha ndilo, kwa makadirio mazuri tuliyo nayo, tutakaloishi nalo. Hakuna deni kubwa lililofichwa. Kila mwaka tunaochelewa tunauongeza sisi wenyewe, na kila mwaka tunaowahi unahesabika.

Limebaki kurudisha. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hewa ukaa wamepatia karibu yote. Sehemu ya tuliyoitoa itakuwa angani kwa maelfu ya miaka, kwa hiyo joto likisimama halishuki kwa umri wa mtu yeyote aliye humu, labda tuitoe angani kwa mikono yetu.

Mashine za kuitoa zipo. Kule Iceland kuna mtambo uitwao Mammoth, uliofunguliwa mwaka 2024. Feni kubwa huvuta hewa na kuipitisha kwenye vichujio vyenye kemikali inayonasa hewa ukaa. Vichujio vikipashwa moto huiachia, inachanganywa na maji, inashindiliwa ndani ya mwamba wa volkano, na huko inageuka jiwe. Jiwe kabisa. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini fikirieni punje 10,000 za mchele, 4 tu zimepakwa rangi, na mmeambiwa mzitoe hizo 4, kisha gunia lingine, kisha lingine. Ndiyo sababu inakula nishati nyingi. Mtambo ule umeundwa kuvuta hadi tani 36,000 kwa mwaka. Binadamu hutoa zaidi ya tani bilioni 37 kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Gawanyeni wenyewe: ni mitambo zaidi ya milioni moja ili tu kufuta ya mwaka mmoja, kabla ya kugusa ya jana. Tutazihitaji mashine hizi kwa masalia, kwa yale machache yasiyozimika. Anayezitaja ili jagi liendelee kumimina anawadanganya watoto wetu.

Wengine wanataka kulipunguza jua. Mwaka 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka, ukarusha salfa nyingi juu angani, na dunia ikapoa kwa karibu nusu nyuzi ya Selsiasi kwa mwaka mmoja hivi. Wanasema ndege zinaweza kufanya kazi hiyo. Mimi naliogopa jambo hili. Salfa huanguka baada ya mwaka au miwili, kwa hiyo ukianza huruhusiwi kuacha. Ukiacha, joto lote lililozuiwa linarudi kwa kishindo. Na bahari chini yake inaendelea kuwa na tindikali zaidi kwa hewa ukaa inayoifyonza, kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Kuna gesi moja ambayo kwayo neno kurudisha lina maana hasa, nayo ni methani. Inatoka kwenye visima vya mafuta na gesi, migodi ya makaa, mifugo, mashamba ya mpunga na majalala. Ikiwa angani hukamata joto kuliko hewa ukaa mara nyingi, lakini hukaa kama miaka 12 tu. Ukiipunguza, kiasi chake angani kinashuka ndani ya maisha yako, na joto lake nalo linashuka. Mwaka 2021 mjini Glasgow zaidi ya nchi 100 ziliahidi kuipunguza duniani kwa asilimia 30 ifikapo 2030. Sehemu yake hutoka kwenye mabomba yanayovuja. Kuziba bomba! Sijui jambo lingine katika fani hii lenye faida ya haraka namna hiyo, na linanikasirisha kila ninapoona linavyosuasua.

Yako yasiyorudi, na siwezi kuyaruka. Bahari imepanda kwa kama sentimita 20 tangu mwaka 1901 na itaendelea kupanda kwa karne kadhaa hata joto likisimama, kwa sababu barafu kubwa huyeyuka taratibu. Kiumbe kilichotoweka kimetoweka.

Nilipokuwa naingia, mwanafunzi mmoja aliniwahi mlangoni akaniuliza: mwalimu, tumeshachelewa? Nilimwahidi kumjibu humu. Kwa ile hewa ya chembe 280, ndiyo, tumechelewa. Kwa lengo lililowekwa Paris mwaka 2015, la joto la dunia kutozidi lile la kabla ya enzi ya viwanda kwa zaidi ya nyuzi 1.5, hali ni mbaya. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza wa kalenda kulivuka, ingawa lengo lenyewe hupimwa kwa wastani wa miaka mingi. Lakini baada ya 1.5 hakuna shimo, kuna 1.6, kuna 1.7. IPCC mwaka 2018 ilikadiria kwamba kwenye nyuzi 1.5 matumbawe ya dunia yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na kwenye nyuzi 2 zaidi ya asilimia 99. Matumbawe yaliyo kati ya namba hizo mbili yako hai jioni hii.

Karibuni kwa maswali.