Pasha Kidole Kwanza

Kamwene! Asanteni kwa kufika. Najua wengine mmetoka Makete alfajiri, na ukungu wa leo si mchezo.

Nimeombwa nizungumzie vifaa vya kuvaa vinavyofuatilia afya ya mgonjwa akiwa nyumbani. Viko vingi, lakini nitakaa zaidi na hiki kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, kwa sababu ndicho ninachokiona kikisomwa vibaya huku kwetu Nyanda za Juu.

Julai moja mama yangu mzazi alirudi kutoka kuchimba viazi, akanawa mikono kwenye bomba la nje. Julai ya kwetu mnaijua. Alikuwa anakohoa kidogo, mdogo wangu akambana kile kifaa. Kikasoma asilimia 82, namba ya chini mno. Nyumba nzima ikahaha, watu wakaanza kupiga simu kutafuta gari. Nikamtazama mama: anaongea bila kukata pumzi, anauliza nani kaacha sufuria wazi. Nilipomshika mkono, ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Tukamkalisha jikoni karibu na moto, tukamsugua vidole, tukangoja. Tulipompima tena, kilisoma 94.

Kwa nini? Kifaa hiki hupitisha kidoleni mwanga wa aina mbili, mwekundu na infraredi, ule usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni ya kutosha hunyonya zaidi infraredi. Iliyopungukiwa hunyonya zaidi mwekundu. Lakini mwanga huo unapita pia kwenye ngozi, nyama na mfupa. Utaitengaje damu ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni? Mwaka 1974 mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, alitoa jibu ninalolipenda sana: hesabu kile kinachopwita tu. Mfupa haupwiti. Kinachopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo ni damu ya ateri. Sasa kidole kikiwa na baridi, mishipa hujibana, mpwito unafifia, na kifaa kinabaki kukisia. Saa za mkononi nazo hutegemea mpwito huohuo. Ikilegea mkononi, inahesabu ovyo.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo linaniuma zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha namba za kidoleni na vipimo vya damu ya ateri. Pale kifaa kiliposoma kati ya 92 na 96, oksijeni halisi ilikutwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 ya vipimo vya weupe. Ndugu zangu, ngozi hizi ni zetu. Mgonjwa anaweza kupewa namba nzuri huku anaishiwa pumzi mbele yako. Kwa hiyo hesabu pumzi zake dakika nzima, usikadirie. Mwambie afungue mdomo, utazame kama ulimi na fizi vimegeuka rangi ya bluu.

Tena tunaishi juu, hewa yetu ni nyepesi. Mtu mzima mwenye afya njema hapa Njombe anaweza kuwa na namba pungufu kidogo kuliko wa Dar es Salaam. Ndiyo maana nawasihi mpime watu wenu wakiwa wazima, saa ileile, mkaandike kwenye daftari. Siku akiugua, utajua ameshuka kutoka wapi.

Kibandiko cha sukari, kile kinachobandikwa kwenye ngozi ya mgonjwa wa kisukari, nitakigusa tu. Hakipimi damu, kinapima majimaji yaliyo chini ya ngozi, kwa hiyo huchelewa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Mgonjwa akitetemeka na kutokwa jasho huku kibandiko kinaonyesha yuko salama, mtoboe kidole umpime.

Hapa mezani nina vipima oksijeni vitatu na chupa ya maji ya moto. Mama uliyekaa karibu na mlango, tuanze na wewe. Nipe mkono. Mnaona? Wa baridi kabisa. Tusome kwanza hivi hivi, kisha tuupashe.