Barazani, kipindi cha 14 Oktoba: Jina la Afande

ATHMANI: Assalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo. Tuko Lamu, dirisha tumeliwacha wazi kwa ajili ya joto, kwa hivyo mkisikia punda akilia msidhani ndiye mgeni wetu wa leo.

ZENA: (anacheka) Leo hatuna mgeni. Ni mimi na Kaka Athmani. Na leo ni Siku ya KDF, majeshi ya ulinzi ya Kenya.

ATHMANI: Ambayo wengi huichanganya na Mashujaa, ya tarehe 20.

ZENA: Hii ni ya wanajeshi. Yahusu Oktoba 2011, walipovuka mpaka kuingia Somalia. Watu wa bara wakiisikia habari hiyo, akili zao zaenda Garissa na Mandera. Wasahau Lamu.

ATHMANI: Na moto uliwakia kwetu! Septemba 2011, Kiwayu, mtalii wa Kiingereza auawa, mkewe achukuliwa kwa mashua. Tarehe mosi Oktoba, Manda, hapo ng'ambo, ukisimama forodhani waiona, mama wa Kifaransa asiyeweza kutembea achukuliwa usiku. Yule hakurudi, alifia huko huko. Hata mwezi haukwisha, jeshi liko safarini.

ZENA: Mwaka uliofuata, Kismayu.

ATHMANI: Kismayu, na wengine waliingia kwa bahari. Wabajuni wa hapa wana mashangazi Kismayu, yakhe. Vita vya nyumbani hivyo.

ZENA: Haya, nikuulize. Dakika moja ya kimya, waionaje?

ATHMANI: Niliwahi kusimama nayo mara moja. Sikujua mikono niiweke wapi. Sisi msiba wetu una sauti, bwana. Hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, yasomwa, juzuu zagawanywa, ubani wafuka mpaka macho yawasha, kisha shekhe apewa karatasi. Karatasi ile ndiyo iliyonikaa kichwani wiki nzima.

ZENA: Ya majina ya marehemu wa kuombewa.

ATHMANI: Fulani bin fulani, fulani binti fulani. Utaona mtu amkimbilia shekhe na kalamu, "Usimsahau ami yangu!", na shekhe ameshafungua kinywa.

ZENA: Sasa ipeleke karatasi hiyo jeshini.

ATHMANI: Ndipo ninapokwenda. Vita vya Kwanza vya Dunia, wapagazi. Hili jina Kariakoo tulitamkalo kila siku ni Carrier Corps, kile kikosi cha kubeba mizigo, likaviringwa na ndimi zetu. Nairobi, Kenyatta Avenue, wamewekewa sanamu za shaba. Maandishi yasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukiipigania nchi yako hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Basi zunguka sanamu ile yote, utafute jina moja.

ZENA: Hulipati. Na si kwamba walisahaulika kwa bahati mbaya. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe: watu wasiopungua 116,000, huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakuwekewa kumbukumbu yoyote. Ikaomba radhi. Baada ya miaka mia.

ATHMANI: Na yetu ya juzi? El Adde, kambi ya wanajeshi wetu huko Somalia, iliyoshambuliwa na al-Shabaab 15 Januari 2016. Ibada ikafanywa Eldoret, marais watatu wamekaa, wa Kenya, wa Somalia na wa Nigeria. Hesabu kamili ya waliokufa serikali haikuitangaza.

ZENA: Watakwambia ni kumnyima adui furaha.

ATHMANI: Sawa, sibishi. Lakini mamake mtu si adui.

ZENA: (kimya kidogo) Kaka, nikupe moja ya kwetu. Wamjua mamangu na mahamri yake.

ATHMANI: Nani asiyeyajua! Na mbaazi.

ZENA: Kulikuwa na askari jeshi mmoja, wa operesheni ya msitu wa Boni. Akipata ruhusa ya kuingia mjini, asubuhi yuko kwa mama. Mrefu, lazima ainame mlangoni. Mwisho wa mwezi mfuko mkavu, akikopa. Kwenye daftari la deni mama alimwandika "Afande Mrefu".

ATHMANI: Jina hakulijua?

ZENA: Nani huuliza jina la afande? Kisha tukasikia gari limekanyaga bomu la kutegwa, upande wa Boni. Hayo tumeyasikia mara nyingi, wajua. Siku chache baadaye akaja mwenzake, akamwambia mama, "Nimekuja kulipa la yule mrefu." Shilingi 180.

ATHMANI: Lahaula.

ZENA: Huyo mwenzake akasimulia kwamba simu ya marehemu ilibaki mkononi mwake yeye, ikilia. Kwenye kioo yaandika "Mama Watoto". Na yeye haruhusiwi kuipokea, kwa kuwa familia yataka iarifiwe kwa utaratibu, na wakubwa. Ikalia mpaka chaji ikaisha. Asema tangu siku ile mkewe mwenyewe akimpigia, hupokea kabla haijalia mara ya pili.

ATHMANI: Huyo mke, kwao wapi?

ZENA: Bara, na watoto wawili. Zaidi ya hapo hatujui. Mama pesa alikataa. Akamwambia, "Nitajie jina lake, na la mamake." Lake alitajiwa. La mamake, yule kijana hakulijua.

ATHMANI: Alikuwa Mwislamu?

ZENA: Mkristo. Kwa hivyo karatasi ya hitima haikuwa mahali pake, na mama hakulazimisha. Alichukua daftari, akaandika jina kamili juu ya "Afande Mrefu". Deni hakulipiga mstari.

ATHMANI: Si amsamehe marehemu wa watu?

ZENA: Alimsamehe pale pale, mbele yetu. Lakini kwa mama, ukurasa ukishapigwa mistari yote huchanwa, ukafungiwa mahamri.

ATHMANI: Kwa hivyo daftari liko mpaka leo.

ZENA: Liko juu ya kabati la unga. Mahamri sita, mbaazi sahani moja, chai mbili. Ya pili alimnunulia yule mwenzake.